Mzee Aliyesalimia kwa Mikono Miwili

Nyinyi mnaoanza ukarani wa mawakili siku hizi mnanichekesha. Juzi nilipita ofisi moja mjini Kericho kumjulia hali binti wa rafiki yangu, nikamkuta mbele ya kompyuta, kucha zake zimepakwa rangi nzuri sana. Nikamuuliza faili ya kesi ya leo iko wapi. "Shosho, iko kwa system," akasema. Nikamuuliza kama amewahi kufika nyumbani kwa mteja wake hata mmoja. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kama amewahi kufika mwezini. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikachukua kalamu. Hasira imeshapoa, lakini kalamu bado ninayo, kwa hivyo sikilizeni.

Mimi naitwa Wambui. Baba yangu alihamia soko la Roret kutoka Murang'a, akafungua duka la sukari na mafuta ya taa, nami nikakua nikisema Kikuyu jikoni na Kikipsigis dukani. Kikipsigis cha dukani kina hatari zake. Unajua kuuza, unajua kudai, unajua hata kutukana, basi unadhani umewajua watu. Nilikaa na dhana hiyo mpaka miaka ya tisini, nilipokuwa karani wa wakili aliyeitwa Langat, na mzee mmoja wa Kimulot akaniondolea.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Tulikuwa na vyumba viwili, viti vitatu na taipureta moja nzito ambayo ukiipeleka kwa fundi ilibidi ubebwe nayo. Wiki yangu ya kwanza niliweka karatasi ya kaboni kinyume, upande wenye wino ukiangalia juu. Nikapiga barua ya kurasa tatu kwa ofisi ya serikali, nikaitia kwenye bahasha bila kuigeuza. Nakala yetu ilibaki nyeupe pe. Ile iliyokwenda ilikuwa na maneno mbele, na nyuma yake maneno hayo hayo yamegeuka kama ya kwenye kioo. Ofisa aliyeipokea alipiga simu kuuliza kama hiyo ni lugha mpya ya sheria. Wakili Langat hakunifokea. Alinunua kioo kidogo cha mfukoni, akakitundika juu ya meza yangu, kikakaa hapo mpaka nilipostaafu.

Kwa hivyo la kwanza: geuzeni karatasi. La pili ni la mvua. Ukipeleka barua ofisi ya serikali asubuhi, utaambiwa mhusika ametoka kidogo, na huko kutoka kidogo kunaweza kumaliza wiki. Mimi nilikuwa napeleka saa nane mchana. Mnaijua Kericho, saa hizo wingu limeshakaa juu ya majani chai, na mvua ikianza kupiga mabati mhusika hana pa kutorokea. Unamkuta kwenye kiti chake, amekunja mikono, na anakugongea muhuri kwenye nakala yako kwa sababu hana lingine la kufanya. Mihuri mingi ya maisha yangu niliipata nikiwa nimelowa chapachapa.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Aliyenifundisha ni mkalimani wa korti, Mzee Bii, mtu mwembamba wa koti la kijivu aliyekunywa chai bila sukari na kusema bila kupunguza. Kila mtu alipozungumza Kikipsigis kizimbani, Bii aliyatoa maneno yake kwa Kiswahili kwa sauti ya kanisani, hata kama ni matusi. Alinisimulia kesi ya watu wawili waliogombania jembe. Kila mmoja aliapa ni lake, kila mmoja akaleta shemeji wa kuapa naye. Hakimu wa wakati huo, mzee mchovu, aliagiza jembe liletwe, akawapa walishike kwa zamu. Mpini ulikuwa umelika kwa namna ya mtu wa mkono wa kushoto, na mmoja tu kati yao alikuwa wa shoto. Kesi ikaisha kabla ya chai.

"Wambui," Bii akaniambia, "mdomo wa mtu una heshima zake za kulinda. Usiubane sana. Uliza vitu."

Nililiandika neno hilo nyuma ya kitabu changu cha risiti. Kisha nikalisahau, kama mnavyosahau nyinyi.

Arap Sitienei aliingia ofisini kwetu siku ya soko. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, koti jeusi la kanisani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nyuma yake alikuwa mkewe, Kobot Cherono, yaani mama yake Cherono, amebeba kikapu. Mzee akaninyooshea mkono wa kulia huku ameushikilia kwa ule wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Mnajua sisi watu wa huku bara tunavyomsalimia mkubwa: wa kulia unatoa, wa kushoto unaushikilia kuonyesha heshima. Mimi nilikuwa karani tu, tena mdogo kwake. Akamsalimia hivyo hivyo mama wa kufagia. Akamsalimia hivyo hivyo mtu wa umeme aliyekuja kusoma mita. Nikamwambia Kobot Cherono kwamba mumewe amelelewa vizuri. Akatabasamu, akaangalia dirishani.

Habari yake ilikuwa hivi. Alifanya kazi ya serikali katika genge la barabara kwa miaka kumi na tisa, koleo mkononi, akitengeneza njia za udongo wa murram za upande wa Kimulot ambazo mvua inazitengeneza upya kila mwaka. Siku moja lori lilikwama kwenye tope, wakawa wanashusha mchanga, na mlango wa nyuma ukafunguka ukamwangukia mkono wa kulia. Alifungwa plasta, ikatolewa, na mkono kwa nje ulionekana kama mkono. Akaomba malipo ya ulemavu ambayo serikali inampa mtu wake aliyeumia kazini. Akatumwa kwa daktari wa serikali. Daktari alikuwa na foleni mpaka barabarani, akamwona kwa muda wa kunywa nusu kikombe, akaandika. Nilikuwa nayo ile ripoti mezani: mkono umepona, mgonjwa anasalimia kwa mkono wa kulia bila shida, mgonjwa mwenyewe anasema hana tatizo. Malipo yakakataliwa.

Ikaja na barua ya pili, na hii ndiyo iliyomleta. Ilisema kwamba kwa kuwa hana ulemavu, na kwa kuwa hajaonekana kazini tangu plasta itolewe, ameandikwa kuwa mtoro.

"Mzee," nikamuuliza, "ulimwambia daktari huna tatizo?"

"Aliniuliza habari. Nikasema mzuri."

"Na mkono?"

"Nikasema iko sawa tu. Huyo daktari ni mgeni, anatoka mbali. Sasa mtu utaanza kulilia mgeni?"

Nikamtazama mkewe. Mkewe akazitazama herufi za taipureta.

"Pesa, wakitaka, wakae nayo," Arap Sitienei akaendelea, na hapo sauti yake ilibadilika. "Lakini hii neno ya mtoro waondoe. Mimi sijawahi kukimbia kitu. Hata nilipokuwa kijana sikukimbia. Mtoto wangu akisoma hiyo karatasi siku moja, atafikiri baba yake alikuwa nani?"

Wakili Langat akaichukua kesi siku hiyo hiyo. Tukafungua shauri kupinga uamuzi wa kumnyima malipo, tukataka na lile neno lifutwe. Mkiangalia vizuri mtaona tabu iliyokuwa inatusubiri. Ili asiitwe mtoro, ilibidi mzee aseme mbele ya watu kwamba kuna jambo hawezi. Na hilo ndilo jambo ambalo hakuwa amewahi kusema tangu atoke jandoni.

Tulimpeleka kwa daktari mwingine, wa kulipwa. Huyu alikuwa na muda. Alipoona mzee anasema sawa tu, sawa tu, alichukua sindano akamchoma vidole kimoja kimoja. Arap Sitienei hakupepesa hata jicho. Daktari akaandika kwamba mishipa imekufa. Tukafurahi, tukapeleka ripoti kortini. Wakili wa serikali, ambaye naye alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sigor, akaisoma, akasimama akasema kwamba mwanamume wa huku kutoshtuka akichomwa si ushahidi wa kitu chochote, maana yeye mwenyewe alichomwa na kitu kikubwa kuliko sindano na hakushtuka. Korti nzima ya wanaume ikaitikia kwa kichwa. Hakimu alikuwa mama mmoja wa miwani, mkali, mzaliwa wa pwani, akauliza kama jambo hilo linaweza kuthibitishwa. Likaachwa.

Hapo nikafanya lile ambalo nataka mlifanye kila mara. Nilipanda Kimulot nikaenda nyumbani kwa mteja. Nilifika saa nne asubuhi nikiwa na viatu vya mjini, na mpaka leo kiatu kimoja kiko huko. Shamba lao la chai lilikuwa kando ya nyumba, na nusu yake ilikuwa haijachunwa kwa muda mrefu. Chai isipochunwa haisubiri, inaanza kuwa mti. Ilikuwa imenifika kifuani.

"Hii tunapumzisha," akasema Arap Sitienei.

Alikuwa ameketi kwenye gogo, shoka limeegemezwa kwenye goti lake, na kando yake rundo la kuni zilizopasuliwa vizuri ajabu. Jirani alipita njiani akamsifu kwa kazi. Mzee akamwitikia kwa kichwa. Kobot Cherono akatoka nyuma ya nyumba kunisalimia, anahema, jasho linamtoka, na kwenye kitambaa chake cha kichwa kuna vipande vya kuni. Nikaandika yote katika kitabu changu: chai inapumzika, kuni zipo nyingi, mke anahema. Niliyaandika, vijana wangu, na sikuyaunganisha. Nilikuwa naangalia kiatu changu.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilipokuwa naaga, nikamwambia mzee asije kortini peke yake. "Njoo na watu wako," nikasema, "hakimu aone una watu nyuma yako." Kwetu sisi ukienda kwenye shauri unakwenda na ukoo, unapata nguvu. Arap Sitienei akasema sawa. Kobot Cherono akamtazama mumewe.

Siku ya kesi akaja na rika lake. Sikujua nimeomba nini. Walikuwa wanaume wanane waliotahiriwa naye msimu mmoja, waliokaa naye jandoni, ambao wamemjua tangu siku aliposimama bila kupepesa jicho. Walishuka kwenye lori la majani chai wamevaa makoti na gambuti, askari akawanyang'anya bakora mlangoni, wakajaza mabenchi mawili ya mbele. Mzee Bii alipowaona aliweka kikombe chake chini.

"Nani amewaleta hawa?" akaniuliza.

"Mimi," nikasema kwa kujisifu.

Bii akanitazama kwa huruma, akaenda zake kwenye nafasi yake karibu na kizimba.

Arap Sitienei akapanda. Askari akampa Biblia ya korti, ile nyeusi kubwa iliyofungwa gundi mgongoni. Akaiinua kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia, akaapa kwa sauti nzuri ya mzee wa kanisa. Hata hakimu alionekana kupendezwa. Wakili Langat akaanza.

"Mzee, mkono wako una shida gani?"

"Ni kidogo tu."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo ya kawaida."

Mabenchi ya rika yakaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Langat akajikohoza.

"Unaweza kushika koleo?"

"Naweza."

"Jembe je?"

"Naweza."

"Shoka?"

"Naweza."

"Kuchuna chai?"

"Naweza," akasema Arap Sitienei, halafu akaona ni vizuri aeleze. "Lakini sina haraka."

Bii aliyatoa yote hayo kwa Kiswahili kwa ile sauti yake ya kanisani, kila *naweza* ikigonga ukuta na kurudi. Mimi nilikuwa nyuma ya wakili wangu, nikitamani sakafu ifunguke. Langat akaketi bila kuambiwa. Wakili wa serikali akasimama taratibu kama mtu aliyekaribishwa chakula.

"Nina swali moja tu. Mzee, asubuhi hii umeinua Biblia kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Asante sana, mzee wangu."

Hakimu akatazama saa, akasema tutaendelea baada ya chakula.

Mkiwa makarani mtakuja kuiona saa kama hiyo, na nawaambia mapema, msimfokee mteja. Mimi nilimfokea mke wa mteja, ambayo ni mbaya zaidi. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya korti, mzee ameketi upande wa pili na rika lake. Nikamwambia Kobot Cherono kwamba mumewe amejizika mwenyewe mchana kweupe, kwamba atakufa akiitwa mtoro, na kwamba nimechoka. Kisha nikaona aibu, nikatafuta la kumpoza.

"Angalau ana heshima," nikasema. "Sijaona mtu anayesalimia watu vile. Hata leo amemsalimia askari kwa mikono miwili."

Kobot Cherono aliweka kikombe chini akaanza kucheka. Alicheka mpaka leso ikamwanguka begani, na nilipomtazama vizuri nikaona anacheka na machozi.

"Heshima gani, dada?" akasema. "Ile ni kubeba. Anabeba mkono kama mtoto. Akiachilia hiyo ya kushoto, ya kulia inaanguka."

Akaendelea kwa sauti ya chini, huku akiangalia upande wa wanaume. Shati la mumewe alikuwa amelishona vifungo vikiwa vimefungwa, mzee analivaa kwa kichwa kama sweta, ili mtu asije akamwona anafungwa vifungo na mkewe. Kuni alizipasua yeye, nyuma ya nyumba, majirani wasikoona, kisha anazihamishia kando ya mume. Chai walichuna nusu kwa sababu mikono ilikuwa yake miwili peke yake. "Hata mimi hajaniambia hawezi," akasema. "Siku moja tu nilikuta sufuria imeanguka, akaniambia ni paka. Sisi hatuna paka."

Hapo ndipo vile vipande vya kuni kwenye kitambaa chake vilipopata maana, na ile chai inayopumzika, na lile shati. Nikakumbuka nyuma ya kitabu changu cha risiti. *Usiubane mdomo. Uliza vitu.* Na kitu chenyewe kilikuwa mezani pa korti, cheusi, kizito, na wakili wa serikali alikuwa amekileta mwenyewe kwenye kesi kwa swali lake moja. Nilipanda ngazi za korti mbili mbili, nikamwandikia Langat maneno machache kwenye karatasi ya mandazi, maana sikuwa na nyingine. Akaisoma. Ilikuwa na mafuta, lakini ilisomeka.

Tuliporudi ndani, Langat akasimama. "Mheshimiwa, mwenzangu ameuliza kuhusu Biblia. Naomba shahidi aiinue tena kwa mkono huo huo wa kulia. Ila safari hii, mkono wa kushoto uwe mfukoni."

Wakili wa serikali akapinga, akasema hii si sarakasi. Hakimu akavua miwani, akamtazama. "Wewe ndiwe uliyeanza na mkono," akasema. "Mzee, fanya hivyo tafadhali."

Bii akatafsiri. Arap Sitienei akatia mkono wa kushoto mfukoni. Ule wa kulia, ulipoachwa, ukaning'inia kando ya koti. Aliuzungusha begani mpaka kiganja kikafika juu ya Biblia, kikalala hapo. Vidole havikujikunja. Akaitazama Biblia. Akawatazama wenzake wanane, nao walikuwa wamesogea mbele kwenye benchi. Nilijua anachokipima. Akiinua, kitabu cha Mungu kitaanguka sakafuni mbele ya mzee wa kanisa ambaye ni yeye mwenyewe. Asipoinua, atalazimika kusema kwa nini, na wa kusikia ndio hao. Nje mvua ilikuwa imeanza, tukawa tunaisikia yote.

Akasema neno moja kwa Kikipsigis. Bii, ambaye sikuwahi kumsikia akishusha sauti katika miaka yote niliyomjua, aliishusha.

"Siwezi," Bii akasema.

Hakimu akaandika. Akauliza kwa upole, "Na tangu lini huwezi, mzee?"

"Tangu lori," akajibu. Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akaendelea, na Bii nyuma yake akijitahidi kumfikia. Hawezi koleo. Hawezi shoka. Hawezi kifungo. Hawezi kushika kikombe cha moto kwa sababu hajui ni cha moto mpaka aone ngozi. Wakili Langat akamuuliza mbona asubuhi alisema anaweza.

"Mliuliza kama naweza kushika," akasema. "Kwa mkono wa kushoto naweza. Hamkuuliza kama kazi inaisha."

Wakili wa serikali hakuuliza tena. Aliketi akawa anafungafunga faili yake, na nilimwona akiutazama mkono wake mwenyewe wa kulia.

Kilichotokea kwenye veranda ya korti baadaye hakimo kwenye faili, kwa hivyo kiwekeni nyinyi. Lile rika lilitoka likasimama pembeni, na Arap Sitienei akasimama mbele yao ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri hukumu ya kweli. Mkubwa wao, mzee mnene wa kofia ya manyoya, akajikohoza.

"Mimi hii sikio ya kushoto haisikii," akasema. "Ni miaka sita. Nikikaa kanisani natikisa kichwa tu."

Wakamgeukia. Mwingine akasema goti lake likipanda mlima linalia, ndiyo maana siku zote anasema anasubiri wenzake wa nyuma. Wa tatu akakiri kwamba yeye, anayesoma Neno kila Jumapili, macho yalikufa zamani na anasoma kwa kukariri. Akipewa sura mpya anasema ameacha miwani nyumbani, na miwani hana. Ndani ya robo saa ile veranda ilikuwa imegeuka foleni ya zahanati. Kila mmoja alikuwa na chake, na kila mmoja alikuwa amedhani ni peke yake. Walibishana mpaka mvua ikaisha kuhusu nani ameficha zaidi, na nadhani yule wa macho ndiye aliyeshinda.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa. Hakimu aliamuru malipo yatolewe, na akaandika kwamba mlalamishi aliacha kazi kwa sababu ya ulemavu alioupata akiwa kazini, wala hakuwa mtoro. Mzee aliomba nakala ya ukurasa huo mmoja tu. Nilimpigia kwa taipureta upya, polepole, nikageuza kaboni mara mbili kuhakikisha. Bii nilimkuta kwenye kibanda cha chai, nikamwonyesha nyuma ya kitabu changu cha risiti. Akasoma maneno yake mwenyewe, akasema mwandiko wangu ni mbaya.

Basi mkiniuliza ukarani ni nini, sitawatajia taipureta wala kompyuta. Nitawatajia siku Arap Sitienei alipokuja ofisini kuchukua ule ukurasa. Aliingia akiwa na shati la vifungo vinavyofunguka, viwili vya juu viko wazi. Kobot Cherono alikuwa nyuma yake na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, alichoniletea. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Akaninyooshea wa kushoto, peke yake. Mnajua kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni nini. Ukimpa mama yako utajua siku hiyo. Mama wa kufagia alisimamisha ufagio. Mimi niliupokea kwa wangu wa kushoto.

"Chamgei, mzee," nikamsalimia.

"Chamgei mising," akajibu, njema sana, kama wanavyojibu wote.

"Na mkono?"

Akafikiri. Akavuta kiti, akaketi.

"Inauma," akasema. "Hapa kwa bega, halafu inashuka hivi. Usiku wa baridi ndiyo mbaya."

Nikaweka kalamu chini. Akanieleza yote, kutoka bega mpaka kiwiko na kutoka kiwiko mpaka mahali ambapo hasikii tena kitu, asubuhi jinsi unavyokuwa na jioni jinsi unavyokuwa, Kobot Cherono akimkumbusha alipoacha, mpaka chai yangu ikapoa.